Zukini za Ghorofa ya Tatu

Habari za kifo cha Mama Aneth nilizipata kwenye simu, Jumanne mchana, nikiwa jikoni kwangu nakagua samaki walioletwa kutoka Feri. Ujumbe ulitoka kwenye namba nisiyoijua: "Mama Aneth wa ghorofa ya tatu ametutoka. Msiba uko Gerezani kwa mwanawe." Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kusikitika. Niliitazama ile namba nikajiuliza ni nani huyu, amenipataje, na amejuaje kwamba jambo hili linanihusu. Ndivyo nilivyo. Nikiletewa maziwa nayanusa kabla sijashukuru. Nikisifiwa gauni naenda kwenye kioo nione kilichowachekesha. Vijana ninaopika nao kwenye shughuli za watu wananiita Mama Mashaka, wanadhani sisikii. Watu huamini nimezaliwa hivi, na mimi sijawahi kuwakatalia, lakini mwaka tabia hii iliponiingia naujua, na mahali naweza kwenda kupaonyesha, ingawa jengo lenyewe lilishavunjwa na sasa pamesimama ghorofa la vioo linalouza mapazia kwa jumla.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi na shangazi yangu Bi Hidaya kwenye jengo la ghorofa tatu, mtaa wa nyuma kidogo ya soko la Kariakoo. Juu kabisa kulikuwa na vyumba vitano vilivyofungukia kwenye roshani moja ndefu, na roshani hiyo ndiyo iliyokuwa jiko letu, sebule yetu na baraza letu la umbea. Kila mlango ulikuwa na jiko lake la mkaa nje, na ndoo zake za maji, na kamba yake ya nguo. Chumba chetu kilikuwa cha nne. Ndani mlikuwa na kitanda cha Shangazi, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka pembeni, na mkeka wangu chini ya dirisha, dirisha lenyewe likitazama roshani, kwa hiyo hakuna aliyepita nje nisijue ni nani kwa mwendo wake tu. Chumba cha tano, cha mwishoni, alikaa Mama Aneth, mjane kutoka Rombo, pamoja na binti yake Aneth aliyekuwa rika langu. Mama Aneth aliuza ndizi sokoni. Alitoka alfajiri kupokea mzigo, akarudi saa tisa mchana kanga yake ina madoa ya utomvu, na jioni roshani yote ikanuka ndizi zinazochemka na nyama.

Ile sahani yake ya ndizi nyama naikumbuka kuliko sura za walimu wangu. Kila Ijumaa aliileta mwenyewe, imefunikwa kwa sahani nyingine, na kila Ijumaa alisema neno lile lile: "Bi Hidaya, nyama nimenunua kwa bucha wako wewe, yule yule." Shangazi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya kabati. Halafu alisubiri. Alisubiri mpaka nyayo za Mama Aneth zimeishia mlangoni kwake, akafunua, akainusa, akanitazama. "Onja wewe kwanza," aliniambia. Nilionja, hakuna kilichonipata, tukala wote mpaka tukafuta sahani kwa kidole. Ijumaa ikifuata tulirudia hivyo hivyo. Wakati ule niliona ni jambo la kuchekesha, mimi na Aneth tulilicheka sana siku nilipomsimulia, naye hakukasirika. Sasa nikifikiri naona kwamba Shangazi alikuwa ananifundisha kazi, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Kazi niliyokuwa nayo mwaka huo ilikuwa ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja karibu na Kivukoni. Nilitoka Kariakoo kwa miguu, nikakatisha Mnazi Mmoja, na kuanzia saa mbili asubuhi mikono yangu ilikuwa ndani ya sinki. Nilichokitaka maishani kilikuwa hatua nane kutoka pale nilipokuwa nimesimama: jiko. Nilikuwa nawatazama wapishi kwa pembe ya jicho, nani anatia kitunguu kabla, nani anaficha ndimu. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Rajabu, mtu mfupi mwenye mdomo wa utani usio na huruma. Siku moja sanduku la zukini liliingia kutoka Lushoto. Zukini ni jamaa wa mumunye, ya kijani, nyembamba, wageni wanaipenda. Na zile zilikuwa zimechubuka zote kwa safari. Mzee Rajabu alishika moja, akaniuliza mbele ya wote kama najua inaota juu ya mti au chini. Nilisema juu ya mti. Walicheka mpaka mmoja akaketi. "Huyu ni mtoto wa Kariakoo," akasema Mzee Rajabu, "yeye anajua chakula kinazaliwa gengeni." Nilipoinamia sinki huku masikio yakiwaka, alinifuata na pakiti ndogo ya mbegu aliyoachiwa na mgeni. "Chukua. Ukiniletea sita za urefu wa shibiri, hazina mkwaruzo, ulizozikuza mwenyewe, siku hiyo hiyo nakutoa kwenye sinki nakuweka jikoni. Wote hawa ni mashahidi."

Nilimshuku papo hapo. Nilidhani mbegu zimekufa, au zimechemshwa, ili nionekane mjinga mara ya pili. Hata hivyo nilizichukua, kwa sababu alikuwa ametamka neno jikoni na watu wamesikia. Kwenye karakana za Gerezani niliomba ndoo nne za rangi zilizokwisha, nikazitoboa chini kwa msumari wa moto. Udongo niliupata kwa mchimba msingi mmoja, mbolea kwa wauza kuku wa sokoni, na harufu ya wiki ile ya kwanza ilifanya majirani wafunge madirisha. Mbegu zilikuwa hai. Zilichomoza siku ya sita, na baada ya mwezi majani yalikuwa mapana kama masinia, yana vinyweleo vinavyowasha mkono, na wapangaji walilazimika kupita kiupande. Hakuna aliyelalamika. Roshani ile haikuwahi kuwa na kitu cha kijani isipokuwa mwani ndani ya pipa la maji, na jioni wanawake walivuta vigoda vyao karibu na ndoo zangu bila kusema kwa nini.

Shangazi ndiye aliyeanza kuzilinda. Alichomeka kipande cha mkaa kwenye kila ndoo na pilipili kavu tatu, dhidi ya kijicho, na akanipa sharti moja. "Boga changa halinyooshewi kidole. Hata wewe mwenye mali. Ukitaka kumwonyesha mtu, kunja ngumi uonyeshe kwa fundo. Ukinyoosha kidole linaoza." Sharti hili sikulishangaa, kila mtu ninayemfahamu amelelewa nalo, wa pwani na wa bara, na wanawake wote wa roshani walilifuata bila kuambiwa. Maua yalipotoka, ya njano, makubwa, yanayofunguka alfajiri na kusinyaa kabla jua halijapanda, waliyaonyesha kwa mafundo ya vidole na kuyasifia kwa sauti ya chini. Nyuma ya baadhi ya maua kulikuwa na zukini ndogo tayari, ndogo kama kidole cha mtoto. Nilimwambia Mzee Rajabu ajiandae kutafuta mwosha vyombo mwingine. Alinijibu kwamba ameshaona posa nyingi zisizofika arusi.

Halafu zikaanza kuoza. Ya kwanza iligeuka njano kwenye ncha, ikalainika, ikadondoka nilipoigusa. Siku ya pili mbili. Wiki ile zilikwenda tano, na kila moja nilimpelekea Shangazi kiganjani, naye akaigeuza na kuniambia neno moja: "Kidole." Mbili tu zilibaki zinanenepa, ndoo ya mwisho, ile iliyo karibu na mlango wa Mama Aneth. Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza kwa nini hizo zinanenepa. Mimi nilijiuliza kwa nini zinazonenepa ziko karibu na mlango wake. Nilianza kukumbuka mambo. Kwamba yeye peke yake ndiye hakuwahi kuzisifia. Kwamba jioni wenzake wakikaa karibu na ndoo, yeye alizitazama tu kutoka mlangoni, kimya, kama mtu anayepiga hesabu. Kwamba nilipomwambia Aneth habari ya Mzee Rajabu na jiko, mama yake alikuwa ndani nyuma ya pazia, amesikia yote. Usiku mmoja nilimsikia Shangazi akinong'ona na Mama Shabani wa chumba cha pili: "Mtu wa kuamka alfajiri ni mmoja tu humu." Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Alhamisi alfajiri nilijikausha chini ya dirisha, pazia limefunuliwa upana wa jicho. Adhana ilikuwa imekwisha, mwanga ulikuwa wa kijivu. Mlango wa tano ukafunguliwa. Mama Aneth alitoka na kanga kichwani na kikapu kitupu mkononi, akatazama huku na huku, au hivyo ndivyo nilivyoona, akachuchumaa kwenye ndoo ya nne. Akafungua ua moja kwa vidole vya mkono wa kushoto, taratibu. Halafu akatia kidole. Hakukinyoosha, alikitia ndani kabisa, akakizungusha. Alipokitoa kilikuwa kimepakwa unga wa njano, na unga ule akaupeleka kwenye ua jingine, lile lenye zukini changa, akapaka ndani, midomo yake ikicheza bila sauti. Akafanya hivyo kwenye ndoo ya tatu. Kisha akapangusa kidole kwenye kanga, akashika kikapu, akashuka ngazi. Nilimwamsha Shangazi nikamwambia yote, na katika kumwambia, Mungu anisamehe, ule unga wa njano nilisema aliutoa kwenye kikapu.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikisimulia habari hii peke yangu. Kikapu kilikuwa kitupu na mimi nilikiona kitupu. Sikupanga kusema uongo. Nilikuwa nimeogopa, na mtu aliyeogopa huongeza kidogo ili woga wake uonekane wa haki.

Kwetu mtu aliyekukosea hasutwi na mmoja. Husutwa na wanawake pamoja, mchana, mbele za watu, na aliyeona lazima asimame aseme nimeona kwa macho yangu, asiposema basi yeye ndiye mzushi na suto linamgeukia. Shangazi aliipanga Jumamosi, saa Mama Aneth anaporudi sokoni. Asubuhi ya siku ile Aneth alikuwa ananisuka. Alikuwa na mkono mwepesi, alisuka huku anaimba kwa pua, na mimi nilikaa katikati ya magoti yake nikijua kitakachotokea saa tisa, na sikumwambia. Alifika nusu ya kichwa, upande wa kulia, akasema tuendelee jioni kwa sababu lazima akachote maji. "Usijifunge kilemba kwa nguvu," aliniambia, "utaniharibia mistari."

Mama Aneth alipofika juu ya ngazi na kikapu chake aliwakuta wanawake watano wamesimama, Shangazi mbele. Alidhani kuna msiba. "Kuna nini jamani? Nani amefikwa?" aliuliza, akaweka kikapu chini.

"Hakuna aliyefikwa," alisema Shangazi. "Tumekuja kukuuliza wewe, Mama Aneth. Tumekaa hapa miaka sita. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu."

"Basi watoto wa Tatu wanaoza kwa nini?" Aliziita hivyo zukini zangu, watoto, na Tatu ndiyo mimi. "Tatu. Simama useme."

Nilisimama nikasema nilimwona kwa macho yangu, Alhamisi alfajiri, ametia kidole ndani ya maua, na kapaka unga. Sauti yangu ilitoka vizuri, na hilo linaniuma mpaka leo, kwamba ilitoka vizuri.

Mama Aneth alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuruka, hakuapa. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata ahueni, akasema, "Ni hilo tu? Nimetia, ndiyo. Bi Hidaya, haya maua yana dume na jike. Huku juu nyuki hafiki, mimi nimemtafuta sijamwona. Asipokuwepo wa kuyakutanisha, kile kitoto kinanyauka. Kwetu kule mama yangu alitutuma kila asubuhi kwenye maboga ya kivulini. Huo unga ni wa ua lenyewe. Napita nikienda sokoni, zilizofunguka nazishughulikia. Zikifunguka nikishaondoka, hizo ndizo zinazooza."

"Kwa hiyo umekiri," alisema Mama Shabani.

"Nimekiri nini?"

"Kidole."

"Na kama ni jambo jema," alisema Shangazi, "mbona hukusema?"

"Nilitaka mtoto aone zimezaa tu, afurahi. Aneth kaniambia ana mtihani wake kazini." Akaona nyuso zilivyo, na kile kicheko kikaondoka. Ndipo akanigeukia mimi. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mkalimani. "Tatu, mwanangu, wewe umesoma. Hebu waeleze."

Nilikuwa nimesoma. Darasa la sita nilichora ua ubaoni mbele ya wenzangu wote, nikaandika majina ya sehemu zake, nikaeleza chavua inavyotoka ua dume kwenda ua jike kwa nyuki, kwa upepo au kwa mkono wa binadamu, na mwalimu akaniambia nikae, nimemaliza somo lake. Yule mama hajamaliza sentensi ya pili mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, na zile mbili zinazonenepa, na zile tano zilizooza. Nililiona jambo zima. Niliona pia kwamba nikifungua mdomo, suto linanigeukia mimi, na Shangazi anadhalilika mbele ya wapangaji wenzake wa miaka yote, na lile neno la kikapu litaulizwa. Nikajitia hamnazo. Nikatazama chini, kwenye madoa ya mkaa sakafuni, nikasema, "Sisi hatukufundishwa hayo."

Aneth alikuwa amefika juu ya ngazi na ndoo ya maji. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliitua, akaingia kwao, mama yake akamfuata, mlango ukafungwa bila kishindo. Jioni hakuja kumalizia nywele. Nilikaa siku tatu na kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuka, nimefunga kilemba kwa nguvu, mpaka nikazifumua mwenyewe kwa uma.

Baada ya hapo hakuna aliyemtukana Mama Aneth, maana roshani yetu ilikuwa ya watu wenye adabu. Walifunika masufuria tu. Alipotoka mlangoni kwenda ngazini alilazimika kupita mbele ya majiko manne, na kila alipopita, kila mwanamke alichukua mfuniko akafunika chakula chake, bila kumtazama, huku akiendelea na mazungumzo. Klap, klap, klap, klap. Mimi nilifunika pia, zamu yangu ya kupika ilipokuwa. Aliendelea kutusalimia, "Habari za kupika," nasi tukamjibu nzuri. Ijumaa ya kwanza alileta sahani yake kama kawaida na kusema habari ya bucha, Shangazi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na safari hii hakuniambia nionje. Alikwenda kuimwaga chooni. Kuta zile zilikuwa nyembamba na ndizi zina kishindo zikimwagwa. Ijumaa ya pili sahani haikuja. Mwezi wa pili walihama, mkokoteni mmoja ulitosha, wakaenda upande wa Gerezani, na Shangazi akachoma ubani roshani nzima.

Na zukini? Baada ya lile suto ziliendelea kuoza, na Shangazi alisema ni uchungu wa yule aliyesutwa, ndio unafanya kazi. Nilivumilia wiki moja. Alfajiri ya Jumatatu, adhana imekwisha, nilitoka na kanga kichwani, nikatazama huku na huku, nikachuchumaa, nikatia kidole. Ndani ya ua kulikuwa na ubaridi na unyevu, na ule unga ulishika kwenye ngozi kwa urahisi kabisa. Nilifanya hivyo kila alfajiri kwa muda wa mwezi, na kila alfajiri shingo yangu ilikuwa nyuma, kwenye madirisha manne ya jirani na dirisha letu. Kila pazia niliona linatikisika. Mtu akikohoa ndani niligandama ukutani. Mchana wakinisalimia nilipima sauti zao, huyu kasema mambo kwa namna gani, huyu mbona leo kanikata jicho. Ndipo tabia hii iliponiingia, siidanganyi nafsi yangu. Sikuanza kuwashuku watu kwa sababu nimewahi kutendewa ubaya. Nilianza kwa sababu nilijua mtu mmoja aliyelala kwenye mkeka ule anaweza kufanya nini.

Zilizaa kumi na moja. Nilichagua sita, za shibiri, zinang'aa, nikazifunga kwa kitambaa kilicholowa na kuzipeleka Kivukoni kifuani kama mtoto mchanga. Jikoni walizizunguka. Mzee Rajabu alizipanga, akaipasua moja, akaitafuna mbichi, akanitazama kwa jicho jingine kabisa. "Mnakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu, Mzee."

"Nyuki wanafika huko?"

"Hawafiki. Nilizichavusha kwa mkono."

"Nani kakufundisha?"

Wote walikuwa wananisikiliza. Nilisema, "Nilisoma shuleni."

Siku hiyo hiyo alinipa aproni. Nilijifunza kwake miaka saba, na kila nilichonacho kimetoka kwenye jiko lile, nyumba, masufuria makubwa ya shughuli, kadi yangu yenye jina na namba ya simu ambayo watu wanapeana kwenye harusi. Zilizobaki tano nilizipika nyumbani kwa nazi na dagaa. Shangazi alikaa mkekani, akaona sahani, akaisogeza kwangu taratibu. "Kula wewe, mwanangu. Mimi nimeshiba," alisema, na alikuwa hajala tangu asubuhi. Mpaka tunamzika sikujua kama alikuwa ameniona alfajiri moja kutoka nyuma ya lile pazia, na sikuwahi kumuuliza.

Jumatano, kesho yake baada ya ule ujumbe, nilikwenda Gerezani. Basi la mwendokasi lilinishusha, nikaingia mtaa wa nyuma ya maduka ya vipuri, turubai la bluu limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwili ungesafirishwa kesho yake kwenda Rombo. Nilikuwa nimekuja na mwiko wangu na visu vyangu kwenye mfuko, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuingia kwenye msiba. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanapika, na wawili walinitambua kutoka harusi fulani. "Huyu ndiye Mama Tatu mpishi, tumepona leo," walisema, wakanipisha kwenye sufuria kubwa kuliko zote. Zilikuwa ndizi nyama. Ule mvuke ulinipiga usoni nikasahau nina miaka mingapi. Nilitoa mwiko, nikanyoosha mkono.

Aneth alitoka ndani. Amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele, ana miwani, lakini mwendo ni ule ule, ningeujua hata nikiwa chini ya dirisha. Hakuniambia karibu wala toka. Alichukua mfuniko uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaufunika kwenye sufuria, akauacha mkono wake juu. Wale wanawake hawakuelewa. Mimi nilielewa, na mwiko ukabaki umening'inia mkononi.

"Pole, Aneth," nilisema.

"Nimeshapoa."

"Namba yangu umeitoa wapi?" Hata pale, hilo ndilo lililonitoka.

"Mama alikuwa nayo. Alipewa kadi yako harusini, miaka mingi iliyopita. Ilikuwa ndani ya Biblia yake."

Nilitaka kuuliza mbona hakupiga, nikaona sina uso wa kuuliza. Badala yake nikasema kile nilichokuwa nimekibeba tangu nina miaka kumi na tisa, nikakisema mbele ya wale wanawake, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu nilichomtendea mama yake nilikitenda mbele za watu. "Siku ile nilijua. Alipoeleza habari ya nyuki nilijua ni kweli. Nilifundishwa shuleni. Na kikapu kilikuwa kitupu."

Aneth alinitazama. Jicho lake halikuwa na hasira, lilikuwa limechoka kwa kulia na kwa kukesha. "Mama alijua kwamba unajua," alisema. "Alikuona ulivyotazama chini. Alisema masufuria angeyazoea, hao wengine walikuwa hawajui. Wewe ndiye uliyetuhamisha."

Barabarani basi lilipita na vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Aneth hakuondoa mkono kwenye mfuniko, lakini kwa kidevu alinionyesha kona ya ua, kwenye bomba, walikorundika sahani za chakula cha mchana.

"Vyombo viko kule," alisema.

Nilirudisha mwiko ndani ya mfuko. Nilivua saa, nikakunja mikono ya gauni, nikaenda nikaketi kwenye kigoda mbele ya karai. Maji yalikuwa baridi, sabuni ilikuwa ya unga. Nilianza na vikombe.